Kivuli Kwenye Ncha ya Mashariki

4 Februari

Mwanangu Rula,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, nimekuitikia mapema tuokoe wino. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Mama yako kikohozi kimepungua ila ulimi haujapungua. Jana kanigombeza kwa kuanika shuka zangu kwenye kamba yake, na kamba yenyewe niliinunua mimi. Baba yako goti linamsumbua akipanda pikapu. Akishuka haliumi, anasema, kwa hiyo sasa anatafuta kazi ya kushuka tu. Wamempa koti jipya la manjano, mgongoni limeandikwa UDHIBITI WA NDEGE, naye analivaa hadi dukani. Anawaambia watu kuwa uwanja mzima unahangaika kuziita ndege, yeye peke yake analipwa kuwafukuza.

Usinipigie simu kuhusu haya ninayokuandikia. Simu yangu inafungiwa kabatini nikiwa zamu, na nikishuka kwenye mnara wa kuongozea ndege nimeshasema na watu hewani kutwa nzima hadi sauti yangu mwenyewe inanichosha. Kwenye barua nasema mara moja, nawe huna namna ya kunikatiza.

Nimesikia tathmini ya lile jengo jipya imeangukia meza yako. Sikushangaa. Mtoto aliyekuwa anapima kila mlango wa nyumba hii kwa rula ya shule, wampe nani kazi hiyo kama si wewe? Basi sikiliza. Unakikumbuka kiwanja cha bohari ya zamani, kile kinachochomoza ndani ya uzio wetu kama kiwiko? Kimeuzwa. Wanataka kusimamisha ghorofa ishirini. Kila mtu hapa anauliza kama ndege italigonga. Haitaligonga, marubani hawapiti upande ule. Mimi nahofia jicho langu. Nikikaa kwenye kiti changu mnarani nikaangalia ncha ya mashariki ya njia ya kurukia, jicho linapita juu ya kiwiko hicho hicho. Huko mashariki ndiko kwenye dimbwi na nyasi ndefu, ndiko ndege wa mabawa wanakojazana, na ndiko baba yako anakoshinda na honi yake na fataki zake.

Kabla sijamruhusu rubani kutua, namtafuta baba yako kwa macho. Nikiliona lile koti na ile pikapu vimeshakaa pembeni kwenye majani, natoa ruhusa. Mashine zote zilizonizunguka ni za kunisaidia, lakini kazi yenyewe ni hiyo, kuangalia. Njoo upande ngazi uone mwenyewe. Utalala chumba chako cha zamani, tumekitoa maboksi yote isipokuwa mawili ya mama yako ambayo hayaguswi. Usipime kwa ramani peke yake.

Mbusu mjukuu wangu. Mwambie asiote meno yote kabla sijamwona.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo zangu kwa baba na mama. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa tunaendelea vizuri. Mtoto ameota jino la nne, na la nne hilo amelijaribu kwenye bega langu. Mama yake amerudi kazini, kwa hiyo asubuhi mimi ndiye ninayempeleka kwa mlezi, na nafika ofisini na uji kwenye tai. Wenzangu wameacha kunicheka, sasa wananipa kitambaa.

Nilimwomba Mkuu wa kitengo ruhusa ya kuja. Alinijibu kuwa ramani haili wala hailali hotelini. Kwa hiyo nimepima nikiwa mezani, lakini usikunje uso, nimepima sawasawa. Kompyuta inachora mstari kutoka kwenye kioo cha mnara wenu hadi kila kipande cha njia ya kurukia, halafu inasema ni wapi mstari unakatika. Uliyoyasema ndiyo niliyoyaona. Ghorofa ya nne ikishafunikwa zege, ncha ya mashariki inapotea yote. Zile kumi na sita za juu yake haziongezi ubaya, ubaya unakuwa umekwisha kukamilika.

Sehemu ambayo jicho la mnara haliifikii, sisi ofisini tunaiita kivuli. Nimeandika wazi: "Jengo litatia kivuli kwenye ncha ya mashariki ya njia ya kurukia, wakati wote." Nikapendekeza jengo liishie ghorofa ya tatu, au mnara mpya ujengwe kwanza upande wa kaskazini. Mkuu ametia saini bila kuondoa hata nukta. Bodi ya uwanja itaisoma mwezi huu. Kwa hiyo tulia, Shangazi, mara hii ofisi imefanya kazi yake.

Mwambie baba aende hospitali na lile goti. Najua hataenda, lakini mwambie.

Mwanao,
Rula


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa bega. Sisi hatujambo. Baba yako alikwenda hospitali, akapewa dawa ya kuchua, akampa mama yako achue, wakagombana kuhusu nguvu ya kuchua. Goti liko pale pale.

Bodi imekaa juzi. Walituruhusu wafanyakazi wachache kukaa nyuma, kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alisoma ripoti yako kwa sauti, na anasoma vizuri, nilijivuna. Alipofika kwenye kivuli akasimama, akarudia, akavua miwani. Akauliza, "Yaani ghorofa kumi na saba ziondolewe kwa sababu ya kivuli?" Watu wakacheka. Msanifu wa mwenye jengo alikuwa amejiandaa. Akafungua karatasi kubwa yenye picha ya jua, asubuhi, mchana na jioni, akatuonyesha kuwa kivuli cha jengo kitaangukia majani, na kwenye lami kitagusa kidogo tu jua likikaribia kuzama. Mjumbe mmoja akasema kwa joto hili kivuli tungelipia. Wakacheka tena.

Nilisimama. Nikawaambia kivuli hicho si cha jua, ni upofu, ni kwamba mimi niliyeko juu sitaona kitu kule. Mwenyekiti alikuwa mpole, siwezi kumsingizia. Akaniambia, "Mama, mtaalamu ameandika kivuli. Wewe unasema upofu. Mimi nimfuate nani?" Nikamwambia mtaalamu ni mtoto wa kaka yangu. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu. Wakatazamana, na nikaelewa wameshaniweka kwenye kundi la wanaotafutia ndugu zao ukubwa. Kibali kimepita.

Wana siku tisini za kupokea marekebisho. Andika mstari mmoja tu, Rula. Useme: kivuli maana yake mnara hauoni. Utie muhuri wa ofisi, ulete. Sikuombi ukanushe kitu wala ugombane na mtu. Neno lako ni zuri, ila limekwenda kwa watu wasiolijua.

Shangazi


9 Mei

Mwanangu,

Labda barua ya Machi imepotea njiani, kwa hiyo nairudia kwa ufupi. Wamesoma kivuli wakaelewa kivuli cha jua. Tafadhali andika kuwa maana yake mnara hauoni.

Ghorofa ya pili imefunikwa. Wanafanya kazi hadi Jumapili.

Wote wazima.

Shangazi


11 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani sana, sana. Barua zote mbili zilifika. Huku mambo yamekuwa maji ya shingo. Mtoto alilazwa na homa, ametoka, anatembea akishika kochi na amevunja kifuniko cha jiko. Mama yake amehamishiwa tawi la mbali na anarudi amechoka hata kusema hataki. Mwenye nyumba anataka kupaka rangi kuta tukiwa ndani humo humo. Vyombo vyote tumevirundika katikati ya chumba, tunakula tumekaa kitandani. Mikataba yetu ofisini inaisha mwezi wa saba, na hakuna anayejua nani ataitwa kutia saini upya na nani ataambiwa asante. Mkuu amekuwa mtu wa kupishwa kwenye korido. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja alirudisha ripoti yake kurekebisha tarakimu, Mkuu akamwuliza mbele yetu sote kama hiyo ndiyo tabia yake, kuipa ofisi sura ya watu wasiojua wanachokiandika.

Kuhusu lile neno, nalishughulikia. Mambo haya yana ngazi zake. Kwa sasa nadhani mnaweza kutumia redio, baba akiwa kule awe anawaarifu alipo. Viwanja vingi vinafanya hivyo.

Nimeweka picha ya mtoto. Aliyekatika pembeni ni mimi.

Mwanao,
Rula


3 Julai

Mwanangu,

Picha tumeiona. Mama yako ameibandika kwenye jokofu na kila mgeni anapelekwa jikoni kuiona hata kama hakuuliza.

Ulichoandika kuhusu homa, rangi na mikataba nimekielewa, na pole. Ulichoandika kuhusu neno sikukielewa. Nalishughulikia ni neno la karani anayetaka mtu aondoke dirishani. Mimi nimekufuta kamasi, usinipe hilo.

Wiki hii wamefunika ya nne. Kwanza kilipotea kile kifuko cha kuonyesha upepo. Kesho yake ikapotea mistari myeupe ya lami. Jumatano nilikaa kitini nikaangalia mashariki nikaona ukuta, na mafundi wawili wamekaa ukingoni wanakula. Mmoja alinipungia mkono. Niliandika malalamiko kwa meneja, akanijibu kuwa suala hilo lilishatolewa maoni na wataalamu. Wataalamu ni wewe.

Kwa hiyo tunatumia redio, kama ulivyoshauri. Unamjua baba yako na maneno. Huyu ndiye mtu anayekwambia yupo mlangoni kumbe bado anatafuta kiatu. Ukimwuliza uko wapi, anajibu, "Huku huku." Nimemkaripia, nikamwambia aseme maneno kamili, akasema ndiyo mkuu wa majeshi. Dada zake wengine wote aliwaheshimu, mimi niliyemfuata mgongo ananiona wa kuchezea. Halafu jioni anakuja ameninunulia ndizi. Namwogopea, Rula. Naogopa tangu naamka.

Siku za marekebisho zimekwisha Jumapili iliyopita. Lakini barua ya kitaalamu hata leo wangelazimika kuipokea. Andika.

Shangazi


15 Septemba

Rula,

Mama yako ni mzima wa mwili. Anakula nikikaa naye. Chumba chao amekifunga, hataki mtu aingie kuchukua nguo za baba yako, kwa hiyo makoti yake yote yamo humo isipokuwa lile alilokuwa amevaa. Wewe nasikia mlifika salama.

Siku zile za msiba ulikaa karibu nami, ukinitilia chai na kunifunika bega, na hukuniuliza ilikuwaje. Nami sikukuambia, nikikuona nashindwa. Sasa nakuandikia, kwa sababu ni mimi niliyekuwa kwenye kile kiti na ni haki yako usikie kwangu kabla hujasomewa na tume ya uchunguzi.

Asubuhi ile ya Agosti baba yako alichelewa kutoka banda la magari kwa ajili ya goti. Nilimwita redioni nikamsema, nikamwambia ndege wamejaa mashariki na nina abiria wanaingia. Akaniambia anakwenda, nisipige kelele. Baadaye ile ndege ikawa karibu, nikamwita, "Umetoka?" Akajibu, "Nimetoka."

Mimi nilimwuliza kama ameshatoka kwenye njia ya kurukia. Yeye aliniambia ameshatoka bandani.

Miaka yote tumesema hivyo hivyo, umetoka, nimetoka, na haikudhuru kitu kwa sababu nilikuwa namwona. Nikatoa ruhusa. Kulikuwa kweupe, anga halina hata wingu moja. Rubani alimwona mwishoni kabisa, akainua, gurudumu likaipata pikapu. Abiria walitoka, wengine wameumia. Mimi nilisikia kishindo kutoka nyuma ya jengo. Sikuona kitu. Niliendelea kumwita redioni, wakaja kunishika mkono ndiyo nikaacha.

Nimesimamishwa kazi. Tume imenihoji, nimewaambia maneno yote mawili kama yalivyosemwa. Wakaniuliza kwa nini sikuangalia. Nikasema pale hapaonekani. Mmoja akafungua ripoti yako akasema, "Hapa pameandikwa kivuli. Kivuli hakimzuii mtu mwenye macho kuona gari." Watakuita. Uwaambie tu neno lako lilikuwa na maana gani, usiongeze chumvi kwa kuwa mimi ni shangazi yako. Kosa langu ni langu na sitaki mtu anibebee.

Lakini nataka kujua jambo moja, na ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Je, ulimwomba yule Mkuu wako? Hata mara moja?

Shangazi


2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto na mama yake wazima. Mimi mzima.

Hapana. Sikumwomba.

Niliuandika ule mstari siku niliyopata barua yako ya Machi, mwanzoni mwa Aprili. Ulikuwa kwenye kompyuta, umekamilika, unasubiri nisimame niupeleke chumba cha pili, kwa Mkuu. Kila asubuhi nilijiambia leo, kisha nikamwona Mkuu anapita, nikasubiri mikataba ipite kwanza. Mkataba nilitia saini mwezi wa saba. Baada ya hapo niliona aibu kueleza kwa nini nimechelewa, na aibu hiyo ikanifikisha Agosti. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta ili nikuandikie, sikuipata.

Tume imenihoji wiki iliyopita, huko kwenu, ndani ya ukumbi ule ule wa bodi. Sikuja nyumbani. Nilifika hadi kwenye geti nikaisikia sauti yako ukimwambia mama ameze dawa, nikageuza. Waliniuliza kivuli maana yake nini, nikaeleza. Mwenyekiti wa bodi alikuwepo. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akabaki hivyo. Kisha wakaniuliza nilijua lini kuwa neno limesomwa vibaya. Nikasema Aprili. Mkuu wangu akaangalia dari. Wakaniuliza kama nina hakika ni Aprili na si baada ya ajali, nadhani walikuwa wananifungulia mlango. Nikarudia Aprili.

Halafu walinipandisha mnarani. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Walinikalisha kwenye kiti chako na kuniambia nielekeze uso mashariki. Ghorofa za chini zimeshaingia watu, kuna mapazia, na kwenye kibaraza kimoja mwanamke alikuwa akimwagilia maua. Nilikaa kwa muda mrefu kuliko walivyotaka. Kwenye ramani ile sehemu nilikuwa nimeipaka rangi ya kijivu, kipande kidogo cha kufunika kwa kidole.

Leseni yangu wameichukua. Kwako wameandika kuwa ulitoa ruhusa bila kuthibitisha, na hilo halikufutika kwa niliyoyasema. Jengo litabaki. Watafunga kamera.

Sasa, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama alinipigia Jumamosi. Hakunisalimu. Aliniuliza nani amemwua mume wake. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza yote, mstari, Aprili, mkataba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na shangazi yako kila siku ananiambia ni yeye. Kaeni mchague mmoja. Nimechoka, nataka nimchukie mtu mmoja tu, na mwingine anibakie."

Wewe unaishi naye. Wewe ndiye unayemtilia maji ya kunywa, unayejua kikohozi chake kinaanzaje. Mimi niko mbali, na simu yangu inaweza kuachwa bila kupokelewa.

Acha kumwambia ni wewe, Shangazi. Mwambie tumekubaliana, ni mimi.

Mwanao